Mjomba wa Kilimani Anajibu

Mjomba amezisoma barua zenu ndani ya matatu Ngong Road, mahali ambapo mtu hakosi muda wa kusoma. Karibu zote zinaulizia hamasa, kana kwamba inauzwa Adams Arcade na ni vile tu duka limefungwa.

*Mjomba, Januari nililipia jimu ya mwaka mzima hapa Argwings Kodhek. Nilienda wiki mbili. Siku hizi nikipita hapo kwa boda nainamisha kichwa. Nimebandika picha ya Kipchoge kwenye friji lakini hamasa haijarudi.* – Mwenye Nia, Kindaruma Road

Mpwa, tuanze na hiyo picha. Bila shaka ni ya Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, siku alipomaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Itazame vizuri pembeni. Siku hiyo kulikuwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumkinga upepo, na mbele yao gari likimulika mistari barabarani kumwonyesha mwendo. Ndiyo maana muda ule haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi ya dunia. Na kule Kaptagat, ingawa ana nyumba yake Eldoret, siku za wiki amezoea kulala kambini na wenzake, na zamu ya kuosha vyoo ikimfikia anaosha. Mtu kama huyo atapata wapi nafasi ya kujiuliza asubuhi kama ana hamasa? Wenzake wako nje, wameshafunga kamba za viatu.

Wewe umewafukuza wote 41, ukabaki na mmoja, naye ukamsimamisha mlangoni pa keki.

Dawa yako ni jirani mwenye mdomo. Rafiki mpole hafai, huyo atakuambia pole, pumzika, kesho pia ni siku. Mtafute yule anayejua nani hajalipa maji. Mwahidi kwamba mtakutana kwenye geti la Arboretum saa 12 asubuhi. Miti ile imepandwa pale tangu 1907, haitakulaumu ukichelewa. Jirani akikungoja dakika kumi kwenye baridi ya Julai, habari zako zitafika Yaya kabla ya chai ya saa nne.

Jimu usiijali. Wote waliolipa Januari wakitokea asubuhi moja, wenye jimu watakosa hata pa kusimama. Umewasaidia kwa kutokwenda.

*Mjomba, kila usiku natazama video za wahamasishaji. Nikimaliza najiona naweza kuinunua Yaya Centre. Asubuhi siamki.* – Msaka Ndoto, Wood Avenue

Zinaisha saa ngapi? Lala.

*Mjomba, nataka ploti Kitengela, lakini tarehe 10 ikifika mshahara umekwisha. Ajabu ni kwamba kwenye chama chetu cha kina mama sijawahi kukosa mchango hata mwezi mmoja.* – Mama wa Lenana Road

Hakuna ajabu, mama. Wewe hujipigi faini. Mweka hazina wenu anajua mshahara wako unaingia lini, na ukichelewa atauliza mbele ya watu wanaokula pilau. M-Shwari nayo ina akaunti ya kufungia akiba, lakini simu haijui kukutazama kwa jicho lile. Anzisheni chama cha ploti, na mweka hazina awe huyohuyo mkali.

*Salamu Mjomba. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye jengo la orofa kumi na mbili. Naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi. Nasomea KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, na vitabu viko kibandani. Hamasa ninayo. Shida ni wapangaji. Wakinikuta nasoma wanashusha kioo, wanasema nimewatia moyo, wananipiga picha, kisha wanaanza kunieleza ndoto zao. Mmoja wa orofa ya saba anaandika riwaya tangu nianze kazi hapa. Hesabu za matriki hazisongi.* – Mlinzi, Geti B

Kijana, hapa Mjomba amevua kofia. Watu humkumbuka Kimani Maruge kwa moyo wake: mzee wa miaka 84 ndani ya kaptura ya shule, darasa la kwanza, Kapkenduiywo kule Eldoret, mwaka 2004. Wanasahau kwamba mwaka mmoja kabla yake serikali ilikuwa imeondoa karo ya shule za msingi. Mlango ulifunguliwa, mzee akaingia. Wapangaji wako wanausifu moyo wako kwa sababu sifa hazina risiti.

Basi wape risiti. Tundika kartoni kibandani: kutiwa moyo, shilingi 200; picha, shilingi 500; kusimulia ndoto baada ya saa nne usiku, maelewano. Pesa hizo ziende kwa ada ya mtihani, na mwenyekiti wa wapangaji alete balbu inayomulika kitabu badala ya kumulika nondo tu.

Yule wa orofa ya saba msaidie bure, maana hali yake ni mbaya. Akirudi usiku, usiinue kizuizi mpaka akuonyeshe ukurasa alioandika leo. Asipokuwa nao, mwandike kwenye daftari la wageni.