Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Kipaza Sauti

YAH: MAOMBI YA KUANZISHWA KWA KADA YA AFISA MKARIPIWA

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakupongeza kwa ziara yako ya kushtukiza katika zahanati yetu, ambayo tulitaarifiwa siku moja kabla ili tufyeke nyasi, tupake chokaa mawe ya njiani na tutafute turubai la kukodi. Tulishtuka kama tulivyoelekezwa. Jina la kituo silitaji. Hata wewe ulilikosea jukwaani, na hakuna aliyethubutu kukusahihisha.

Nije kwenye hoja. Hatari za kazini kwetu zinajulikana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, OSHA ipo, na mkaguzi akija atauliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi, sanduku la huduma ya kwanza lina nini ndani, sindano zilizotumika zinatupwa wapi. Maswali mazuri. Ila bado sijamwona mkaguzi aliyeuliza tunajikingaje na maneno haya manne: "Hebu simama wananchi wakuone."

Yakishatamkwa, mtumishi anasimama. Simu zote zinamgeukia. Inakuja "Nijibu!", na kabla hajafungua mdomo inakuja "Usinijibu!". Katikati ya amri hizo mbili anatakiwa aeleze kwa nini jengo lililoanzishwa enzi za mkurugenzi wa tatu nyuma halijaezekwa mpaka leo, kwa nini fedha za bajeti hazijafika, na kwa nini anatetemeka kama hana hatia. Wananchi wanapiga makofi. Kijana wa msafara anamsogezea simu karibu na pua ili jasho lionekane vizuri.

Siku ile zamu ilikuwa ya mwenzangu, muuguzi mkunga. Alikuwa chumba cha kujifungulia na mama ambaye njia ilishafunguka sentimita nane. Akaitwa nje, Mheshimiwa anamtaka. Alitoka na glavu zake, mikono ameiinua mbali na nguo asiguse kitu, maana alijua atarudi ndani sasa hivi. Ukamtazama ile mikono, ukawageukia wananchi: "Mnaona? Ndivyo anavyokuja mbele ya kiongozi." Watu wakacheka. Ukamuuliza dawa za presha ziko wapi. Alianza kusema ziliombwa kwenye mfumo na zikaja nusu. Usinijibu. Ukamwambia kama kazi imemshinda aache, wako wengi mtaani. Akabaki amesimama juani, mikono bado juu, mpaka ulipomaliza. Mtoto alizaliwa salama, shukrani kwa mhudumu wa afya aliyebaki na mama na hakuwa na cheo cha kutosha kuitwa jukwaani.

Mwanawe wa darasa la sita aliiona video kabla mama yake hajafika nyumbani.

Huyu dada anazalisha wake wa kata nzima, usiku, kwa tochi ya simu. Anazika watoto wa watu moyoni na kesho yake anaingia zamu. Siku moja tu ambayo Serikali ililitaja jina lake hadharani, ilimwita mzembe. Huo si ukali wa kazi, Mheshimiwa. Ni uonevu, na unajua kwamba ni uonevu, ndiyo maana huwafanyii watu wenye uwezo wa kukujibu. Mzabuni aliyechelewesha mabati ulimpa mkono, tena ukamwita ndugu yangu.

Naomba radhi. Presha ilipanda kidogo na, kama ulivyojionea mwenyewe, dawa hatuna.

Najua ukitaka kutuwajibisha njia zipo. Sheria ya Utumishi wa Umma inataka mtumishi apewe tuhuma zake kwa maandishi, ajitetee, ndipo mamlaka yake ya nidhamu iamue. Njia hiyo ni ndefu, haina makofi na haipendezi kwenye taarifa ya habari, kwa hiyo naelewa kwa nini umeiruka. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 nayo imekupa uwezo wa kumweka mtu ndani hadi saa 48 pale amani inapokuwa hatarini. Nimejaribu sana kufikiria ni amani ya nani inayovurugwa na bomba la maji lililopasuka, kiasi kwamba msimamizi wake alale mahabusu.

Wala sisemi kwamba hatujapiga hatua. Mwaka 2009 kule Bukoba walimu 19 wa shule za msingi walichapwa viboko kwa amri ya mkuu wa wilaya, kisa matokeo mabaya ya mitihani, na Rais Kikwete akamfuta kazi aliyetoa amri hiyo. Kiboko kikaonekana ni aibu kwa aliyekiamuru. Kipaza sauti bado hakijaonekana hivyo. Nadhani tatizo la maneno ni kwamba hayaachi mistari mgongoni ambayo mtu anaweza kuipeleka kwa daktari.

Huko duniani wameshaanza kuihesabu hasara hii. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190 kuhusu ukatili na udhalilishaji kazini, na madhara ya kisaikolojia yametajwa humo sambamba na ya mwilini. Mwaka 2022 shirika hilo hilo likaingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Pamoja na Shirika la Afya Duniani wanakadiria kwamba siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka kwa sonona na wasiwasi. Wilaya yetu inachangia kadiri ya uwezo wake.

Pamoja na hayo, mimi si mtu wa kupinga ziara. Natambua kwamba kukaripia ni sehemu ya uongozi, kwamba wananchi wamezoea, na kwamba ziara isiyo na aliyesimamishwa inaonekana haijafanyika. Ninachosema ni kwamba kazi hii muhimu imeachiwa watu wasio na mafunzo. Sisi tumesomea kuzalisha, kufundisha, kupima barabara. Hakuna aliyesomea kukaripiwa. Kwa hiyo naomba Ofisi ya Utumishi iridhie kada mpya ya Afisa Mkaripiwa.

Afisa huyu atasafiri na msafara, kwenye shangingi la tatu kutoka mbele, kati ya walinzi na waandishi wa habari. Atakuwa na sanduku la vitendea kazi: koti jeupe, kofia ngumu ya mhandisi, boksi la chaki, buti za bwana shamba, na leso mbili, moja ya jasho na moja ya machozi. Ukifika mahali ukauliza "Mhusika yuko wapi?", atatokea mbio kutoka nyuma ya turubai akiwa amevaa inavyostahili. Asubuhi atakuwa mganga mfawidhi, saa nne mkuu wa shule, na baada ya chakula meneja wa maji. Wananchi hawatagundua. Kwenye video huwa inaonekana shingo tu.

Sifa za mwombaji: awe Mtanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, mwenye kitambulisho cha NIDA na shahada ya sanaa za maonyesho kutoka chuo kinachotambulika na Serikali. Asiye na shahada afikiriwe endapo amewahi kupanga nyumba moja na mwenye nyumba kwa miaka mitano mfululizo. Awe na shingo inayoinama bila kupata maumivu. Aweze kutokwa na jasho anapohitajika, hata kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Muhimu kuliko yote, aweze kutofautisha "Nijibu" ya kujibiwa na "Nijibu" ya kunyamaziwa, maana hapo ndipo wengi wetu tumeharibikiwa.

Muundo wa kada hii uwe na ngazi. Daraja la II litahudumia kamati za madiwani, Daraja la I ngazi ya wilaya, Mwandamizi ngazi ya mkoa. Afisa Mkaripiwa Mkuu atatengwa kwa ajili ya mawaziri, naye lazima awe na cheti cha kuzimia bila kuumia. Mshahara uanzie TGS D, pamoja na posho ya mazingira magumu. Malengo yake yajazwe kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji, kama ya kwetu, na kiashiria cha utendaji kiwe urefu wa makofi. Kila mwaka apewe likizo ya siku 28, ambayo ataitumia katika nyumba tulivu ya Serikali: atakaa kwenye kiti, ataongea mpaka amalize, na mtumishi maalumu atakuwa anamwitikia, "Nimekusikia."

Uzuri wa mpango huu ni kwamba unaweza kumtumbua papo hapo, mbele ya umati, na keshokutwa akaripoti kituo kingine kwa cheo kile kile. Si utaratibu mgeni, ila mpaka sasa wanaonufaika nao ni wakubwa tu. Pia hana majibu kabisa, kwa hiyo hatakuudhi kwa kukuambia kwamba jalada lipo mezani kwako. Na wakati unamfokea huko nje, mkunga atabaki ndani. Gharama zake tutazipata kwa kupunguza gari moja la msafara, lile ambalo hata ninyi wenyewe hamjui limembeba nani.

Kada ikiwa bado inasubiri kibali cha ajira, na vibali tunavijua, nina maombi madogo. Kipaza sauti kiwe na swichi upande wetu pia. Maelekezo yasitumwe kwenye kundi sogozi saa sita usiku kwa herufi kubwa, yakitakiwa kutekelezwa "kabla ya saa mbili asubuhi bila kukosa". Mkisambaza video ya swali, sambazeni na ya jibu. Na ile ya "wako wengi mtaani" ipumzishwe kidogo. Hao walioko mtaani wengine ni watoto wetu, tuliwasomesha kwa mshahara huu huu unaotusimanga nao, na wanakusikia.

Mwenzangu ameomba uhamisho. Kwenye sababu ameandika "masuala ya kifamilia", kwa kuwa fomu haina mahali pa kuandika lile lililompata. Akikubaliwa tutabaki wawili, na mimi si mkunga. Ziara yako ijayo utakuta akina mama wametandika khanga kwenye baraza, wanasubiri gari la kwenda hospitali ya wilaya, na utauliza mkunga wa hapa yuko wapi. Usihangaike kumwambia mtu asimame. Nitakuwa nimeshasimama, na safari hii nitajibu.

Majibu ya barua hii naomba yaje kwa maandishi, kupitia kwa mwajiri wangu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtumishi
(jina limehifadhiwa mpaka utakapoliuliza jukwaani)

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, kwa taarifa.
Mkaguzi wa OSHA, ukija safari nyingine. Mtungi wa moto uko sawa.
Kijana wa video, usisambaze.