Gitaa Dogo na Waya Wake

Mtu wa Dar akiona kitu kina sauti yake ya kutosha, anakitafutia spika. Muuza dawa ya panya ana spika kwenye baiskeli, inarudia maneno yaleyale toka Buguruni hadi Tabata. Duka la nguo lina spika mbili mlangoni, zinagombana na mbili za duka la jirani. Muuza kahawa ndiye pekee ambaye bado anagonga vikombe vyake, na nina wasiwasi kwamba kuna kamati mahali inamjadili.

Sasa zamu imefika kwa gitaa langu. Ni dogo, la saizi ya robo tatu, lile linalonunuliwa kwa ajili ya mtoto na kuishia mikononi mwa baba. Nyuzi zake ni za nailoni. Nalipiga barazani jioni. Mke wangu anasikia, jirani anasikia akipenda, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba halifiki. Mpaka mpwa wangu alipoomba nimpigie kidogo kwenye sendofu yake.

Mwenyekiti wa kamati akanipigia simu. "Mjomba, hilo gitaa lina sehemu ya kuchomeka?"

Nikamwambia halina, wataweka maiki mbele yake, yatosha.

"Maiki ni ya MC, mjomba."

Nikajitahidi kumwelimisha. Nikamweleza habari za Jean-Bosco Mwenda wa kule Katanga, jinsi Hugh Tracey alivyomrekodi mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, na gitaa kavu tu, na kwamba hadi leo wapiga gitaa wanaumiza vidole kutafuta alichokuwa anafanya kwenye "Masanga". Akanisikiliza kwa adabu zote. Halafu akauliza MC alikuwa nani.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta pikapu, kile kidude cha kunasa sauti ya nyuzi. Kijana wa dukani akanitolea moja ya kubana kwenye tundu la gitaa. Nikamuuliza kama inapatana na nailoni. "Hii inakubali zote, mzee." Kumbe ndani yake ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme unazaliwa kwenye ule waya. Nailoni inaweza kutikisika hapo hadi Krismasi, sumaku haina habari nayo. Nilipoirudisha, kijana akanipa suluhisho: nibadilishe nyuzi, niweke za chuma. Gitaa dogo lililotengenezwa kwa nailoni ukilifungia chuma, mvuto unaongezeka mno na siku moja daraja linang'oka na kukurukia usoni. Lakini pikapu yake ingefanya kazi, hilo sibishi.

Nikapelekwa kwa fundi redio, mtaa wa Gerezani. Huyu akanionyesha kisahani cha shaba, chembamba, akasema ndicho kinachoimba ndani ya zile kadi za sikukuu ya kuzaliwa. Ni piezo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba kuna fuwele ukizibana zinatoa umeme, na elimu yao yote hiyo imefika Gerezani ikabandikwa ndani ya gitaa langu kwa gundi. Kisahani kikafanya kazi, tena kwa bidii. Kikanasa kifungo cha shati, ndevu, na mimi nikimeza mate. Muziki wenyewe ukatoka mwembamba, kama kijiko kinakwangua sufuria. Maana piezo inataka kuchomekwa kwenye kitu chenye ukinzani wa ohm milioni moja au zaidi, na mikisa za kumbini haziko hata karibu na hapo, kwa hiyo besi yote inabaki njiani.

"Unahitaji ya betri, mzee," fundi akasema, baada ya gundi kukauka.

Ya betri ni ukanda mwembamba wa piezo unaolala chini ya kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi, pamoja na kiboksi cha kuongeza nguvu chenye betri ya volti 9. Bei yake inazidi ya gitaa. Na ili uiweke, lazima utoboe: tundu la milimita 12 kwa nyuma kwa ajili ya jeki, kisha dirisha ubavuni kwa ajili ya kiboksi. Fundi akachukua drili bila hata kupiga bismillahi. John Lennon alianza na Gallotone Champion, gitaa la bei nafuu la Afrika Kusini, ndugu wa magalatoni waliyoyajua wazee wetu wa dansi, nalo ndani yake lilikuwa na karatasi inayotoa dhamana kwamba halitapasuka. Langu halina karatasi.

Halikupasuka. Ila kiboksi kimetengenezwa kwa magitaa ya watu wazima, ubavu wa dogo umepinda zaidi, kwa hiyo kona moja imebaki nje. Kijiti nacho kilipaswa kusuguliwa chini kiwe bapa kabisa. Fundi alikisugua akiwa anaongea na simu, na uzi wa nne ukawa bubu. Akarudia. Ukapona wa nne, akaugua wa pili.

Kwenye majaribio ukumbini, gitaa likaanza kupiga yowe lenyewe. Fundi mitambo akanieleza: spika inatoa sauti, tumbo la gitaa linaidaka, linatikisika, linairudisha kwenye spika, na mchezo unaendelea hadi watu wazibe masikio. Dawa yake ni kifuniko cha mpira cha kuziba tundu. Nikakinunua. Yaani nimetoboa gitaa sehemu mbili ili lisikike, kisha nikaliziba mdomo.

Siku ya sendofu nikapanda jukwaani, waya umechomekwa, nyuzi zote sita zinaongea. Nimepiga kama ubeti mmoja, maiki ya MC ikakata. Wakahangaika, wakapuliza, wakaigonga. Fundi mitambo akaja mbio na bisibisi, akanipa pole, akafungua kile kiboksi ubavuni, akachomoa betri.

"Samahani, mjomba," mwenyekiti akaninong'oneza, "wageni wanasubiri utambulisho."

Utambulisho wa upande wa baba ukaenda hadi chakula. Nikamaliza wimbo wangu kwa ukavu, nikiwa nimesogea meza ya akina shangazi, na akina shangazi walisikia vizuri sana. Mmoja akaniomba nipunguze kidogo. Betri hadi leo sijarudishiwa. Nimempigia MC, anasema yuko Morogoro kwenye harusi, na maiki inafanya kazi vizuri mno.