Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu: Ombi Dogo Kuhusu Bei

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa kampuni kubwa ya dawa,

Shikamoo. Hodi hodi, na radhi kwa usumbufu. Jina lako silitaji, kwa heshima.

Kwanza pongezi, ingawa zimechelewa. Novemba 1995 Marekani iliidhinisha Doxil: doksorubisini, ile dawa nyekundu ya saratani inayodhuru moyo, ikiwa imefungwa ndani ya viputo vya mafuta ambavyo upana wake ni kama sehemu moja ya elfu ya unywele. Viputo vimevikwa polima ili askari wa mwili wasivikamate mapema. Kwenye mishipa mizima ya damu havipenyi kirahisi; mishipa ya uvimbe inavuja, na hapo ndipo vinapochomoka. Moyo unapata nafuu. Viganja na nyayo huweza kuchubuka, lakini leo sikuja kulalamika.

Nisamehe nikiuliza: iliidhinishwa kwa ugonjwa gani? Sakoma ya Kaposi, kwa wenye UKIMWI. Wewe umeusoma; sisi huku tunauona miguuni, madoa ya zambarau, kisha mguu unavimba hadi mgonjwa anakuja kliniki na kandambili iliyokatwa ukanda. Miaka hiyohiyo ya tisini, mjini Kampala, ndiyo iliyokuwa saratani inayoongoza kwa wanaume. Waliobahatika walitundikiwa dripu za vinkristini na bleomisini. Viputo walivisikia redioni, kama walikuwa na redio.

Uchambuzi mmoja wa mwaka 2016 uliopitia tafiti za miaka kumi ulikuta kuwa, kwa kawaida, asilimia 0.7 tu ya chembe za nano, kama viputo hivyo, zinazodungwa ndizo zinazofika kwenye uvimbe. Wenzako walifadhaika. Mimi niliona wivu: laiti asilimia hiyo ya shehena yenu ingefika Kigoma!

Najua utasema kuifikisha dawa huku kunahitaji muda. Kweli kabisa. Ila kiwanda cha Ohio kilichoitengeneza Doxil kiliposimama mwaka 2011 na Wamarekani wakakosa dawa, Februari 2012 serikali yao iliruhusu ya India iingizwe. Mwaka mmoja baadaye nakala ya kampuni hiyo ya India, Sun Pharma, ikaidhinishwa. Kumbe njia ipo, na si ndefu.

Shirika la Afya Duniani limeshaiweka dawa hii kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwa unyenyekevu wote, tunaomba wewe na wenzako mnaoitengeneza mtutangazie bei ambayo hospitali ya rufaa ya mkoa inaweza kuilipa bila kuuza gari la wagonjwa. Ukiwa na shughuli nyingi, katibu wako akijibu inatosha.

Wako mtiifu,
Mwandishi