Namna ya Kujenga Nyumba Isiyoisha

Wanaosomea usimamizi wa miradi hulipa ada, hukesha na vitabu na kutoka na cheti chenye muhuri. Wewe usijisumbue. Nunua kiwanja Chanika, tafuta fundi, na kabla mwaka haujapinduka utakuwa umeijua misingi yote ya taaluma hiyo kwa kuivunja mmoja baada ya mwingine. Mimi nina uzoefu wa miaka tisa katika boma moja, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Anza bila ramani. Wataalamu hudai kwamba mradi lazima uandikwe kwanza: nini kimo, nini hakimo, na utajuaje kwamba umefika mwisho. Karatasi za nini? Shika kijiti, mchoree fundi mchangani: hapa sebule, hapa vyumba vitatu, kule jiko. Fundi atatikisa kichwa kwa heshima, maana naye ana nyumba kichwani mwake, na siyo hiyo yako. Kibali cha ujenzi utakifuatilia mbele ya safari. Siku utakapokuta alama ya X nyekundu ukutani, usidhani ni fundi rangi ameanza kazi.

Msingi ukishachimbwa, mlete mama mkwe auone. Atauzunguka taratibu, kisha atauliza kwa upole kabisa, "Baba, na sisi wazee tukija tutalala wapi?" Ongeza chumba. Shemeji atasema nyumba ya siku hizi ambayo chumba cha baba hakina choo chake ni bweni. Ongeza choo. Baraza utaongeza mwenyewe, kwa sababu jirani analo. Kila nyongeza ikubali hapo hapo ukiwa umesimama, wala usimuulize fundi inagharimu kiasi gani. Msingi uliochimbwa kwa vyumba vitatu utajifunza kubeba vitano. Ukishindwa, nyufa zitakujulisha kwa wakati wake.

Bajeti ni kazi ya dakika kumi. Jumlisha tofali, saruji, nondo na mabati kwa bei ya mwaka ule ulipopata wazo la kujenga. Maji ya kujengea, tripu za mchanga, kupakua kokoto, misumari, waya wa kufungia nondo, mbao za kumwagia lenta na hela ya kula ya mafundi, vyote hivyo viache nje. Ni vitu vidogo. Kwangu mimi vitu vidogo vilikula paa lote. Fungu la dharura usiweke, utaonekana unajitabiria mabaya.

Sasa fundi. Mlipe kianzio kikubwa kabla hajagusa koleo, ili ajisikie anaaminiwa. Mkataba wa maandishi unaleta baridi kati ya watu; mmekubaliana, mmeshikana mikono, inatosha. Akipotea wiki tatu, mpigie. Atakuambia yuko njiani. Hakudanganyi, ila hiyo njia haiji kwako. Inaelekea kwa mtu mwingine aliyemlipa kianzio jana. Mwezi wa pili utatafuta fundi wa pili, na huyo atafanya kile ambacho kila fundi wa pili duniani hukifanya: atasimama mbele ya ukuta, ataukuna kwa ukucha, atanyamaza kidogo, halafu atasema, "Bosi, nani alikujengea hivi?" Hapo jua umelipia ukuta mmoja mara mbili.

Kwenye ratiba ndipo penye utamu. Zaidi ya miaka mia iliyopita, Mmarekani Henry Gantt alitangaza mtindo wa chati ya milia: kila kazi na mstari wake, inaanza lini, inaisha lini, ukiutazama tu unaona nani amechelewa. Iache chati hiyo ofisini. Wewe anza kujenga Machi. Mvua za masika zimekuwa zikinyesha Machi hadi Mei tangu babu yako hajazaliwa, lakini wewe zipokee kama habari ya ghafla. Mchanga ukienda na maji mpaka kwa jirani, usimdai. Mpe pole, maana kwake umeziba mlango.

Halafu vuruga mpangilio, nani anamtangulia nani. Piga plasta nyumba nzima, ilainike kama yai, ndipo umwite fundi umeme aje na tindo atoboe kuta apitishe nyaya. Aziache na makovu, umwite fundi plasta tena. Akimaliza, mkumbuke fundi bomba. Nilifanya hivyo sebuleni kwangu, na ukuta wa upande wa jikoni sasa umenenepa kwa viraka kuliko kuta zote za nyumba.

Usisahau kutomkabidhi mtu jukumu. Zege likishamwagwa linataka kumwagiliwa maji kwa wiki moja walau, na nguvu yake hupimwa ikifika siku ya 28. Hii ni kazi ndogo isiyoonekana, kwa hiyo ni rahisi kuipoteza: fundi anajua ni ya mlinzi, mlinzi anajua ni ya fundi, na wewe uko zako Posta na kiyoyozi. Jamvi likianza kutoa vumbi, wote watatu mtakubaliana kwamba saruji ya siku hizi imechakachuliwa.

Mawasiliano yafanyike kwa simu tu. Fundi atakutumia picha ya pembe moja ya nyumba, na wiki inayofuata pembe ile ile kwa mbali kidogo. Jibu kwa kidole gumba na utume hela. Mwenyewe nenda Jumapili, siku ambayo hakuna anayefanya kazi, usimame katikati ya boma ukiwa umevaa viatu vya kanisani na useme, "Hapa sasa pamekaa vizuri." Mifuko mitupu ya saruji usiihesabu, wenzako watakuona mchoyo.

Watakucheka, lakini majibu yapo. Waambie habari za Jumba la Opera la Sydney: walianza kulijenga 1959, wakasema litaisha 1963 kwa dola milioni 7 za Australia. Lilifunguliwa 1973, likiwa limekula milioni 102. Waambie kanisa la Sagrada Família kule Barcelona lilianza 1882, msanifu wake Gaudí akafariki 1926, na mafundi hawajashuka. Wakisema hayo ni mambo ya Ulaya na Australia, wakumbushe kwamba TANU iliamua 1973 makao makuu yahamie Dodoma ndani ya miaka kumi, na mizigo ikaanza kufungwa kwa dhati 2016. Mimi na boma langu bado tuko ndani ya muda.

Liko jambo moja nakuonya ulikimbie kabisa, nalo ni kamati ya harusi. Nimewahi kuwa katibu wa kamati ya harusi ya mtoto wa kaka yangu, na nilishuhudia mambo ya hatari sana kwa mradi wowote. Siku ya kwanza tu, kabla hata ya soda kuletwa, watu walitaja tarehe na haikuguswa tena. Bajeti ilisomwa mstari kwa mstari, mpaka viberiti vya mishumaa. Chakula kilikuwa na mtu wake, ukumbi na mtu wake, usafiri na mtu wake, na kila Jumapili mtu huyo alisimama akajieleza. Mweka hazina aliwasoma kwa majina wote walioahidi na hawajatoa, mbele ya wake zao. Shangazi alipotaka kuongeza wageni arobaini, mwenyekiti alimuuliza, "Shangazi, sahani za hao arobaini ziko kwenye ahadi yako?" Arobaini wakaishia hapo. Harusi ikafanyika siku yake. Wiki iliyofuata tulikutana kuvunja kamati: hesabu ikasomwa, salio likatajwa, tukala supu, tukaagana.

Umeona? Wale walikuwa wale wale. Mwenyekiti ana msingi wake Kivule tangu 2014. Mweka hazina ana nondo zilizosimama Kigamboni zinaota kutu. Mimi ndimi katibu niliyeandika mihtasari yote ile kwa mkono wangu, na nyumba yangu haina hata daftari. Kwa hiyo ukiona ndugu wanaanza kukaa kila Jumapili kuijadili nyumba yako, huku mtu ameshika kalamu, wapikie chai na wabadilishie mazungumzo haraka.

Boma langu bado lipo, asanteni kwa kuuliza. Sebuleni umeota mpapai, na mwaka huu umezaa. Mlinzi niliyemweka kwa miezi mitatu tu ameezeka chumba cha mama mkwe kwa mabati chakavu na anaishi humo na mkewe. Mtoto wao wa kwanza anaanza shule Januari.