Panki na Dagaa Mwaloni

Mwaloni Kirumba, Mwanza, saa nne asubuhi. Panki la sangara limetupwa kwenye ukingo wa turubai: kichwa, mifupa, mkia, mnofu hakuna. Turubai lenyewe limejaa dagaa walioanikwa.

PANKI: Wewe dagaa, sogea. Umenilalia mkia.

DAGAA: Shikamoo, mheshimiwa. Tumeshakauka, hatusogei. Mwili wako uko wapi?

PANKI: Minofu imepanda ndege kwenda Ulaya. Bondo, kibofu changu cha hewa, limekwenda China. Mimi nimebaki kusimamia ofisi.

DAGAA: Ofisi yenyewe naona inachemshiwa mafuta pale.

PANKI: Adabu! Kwenye piramidi ya chakula mimi nakaa kileleni.

DAGAA: Kileleni hakukai wengi, bosi. Chakula kikipanda ngazi moja, kiasi cha sehemu moja ya kumi tu ya nishati ndiyo inayofika. Nyingine inaishia kwenye joto, kupumua na kuwakimbia watu kama wewe. Chukua kilo 1,000 za mwani: wadudu wa majini wanapata 100, sisi 10, wewe moja. Ndiyo maana sisi tumejaa turubai na wewe umelala peke yako.

PANKI: Mimi sikujileta. Niliitwa, miaka ya 1950, enzi za Waingereza. Walisema ziwa limejaa furu, visamaki vya ovyo, nije niwageuze kuwa samaki wa maana. Mimi ni mwekezaji.

DAGAA: Ukawala wenyeji.

PANKI: Niliwaongezea thamani!

DAGAA: Wakiwa tumboni mwako. Furu walikuwa aina mia kadhaa, kila mmoja na kazi yake. Huyu anakula mwani, yule anavunja konokono, mwingine anaishi kwa kubandua magamba ya wenzake, maana hata ziwani wapo wa hivyo. Miaka ya 1980 ukafagia idara nzima nzima. Mwani ukapungukiwa na walaji.

PANKI: Mwani usinisingizie. Mbolea za mashambani na maji taka ya mijini vinaingia ziwani kila mvua ikinyesha.

DAGAA: Hapo nakubali. Mbolea inanenepesha mwani, mwani unakufa na kuzama, bakteria wanaouozesha wanamaliza oksijeni kule chini. Lakini ulikuta jiko linashika moto, ukawala wazima moto.

PANKI: Na mimi niliumia! Furu walipoadimika nilikula uduvi. Nikawala ninyi. Nikala...

DAGAA: Malizia.

PANKI: Watoto wa sangara. Ilikuwa dharura.

DAGAA: Bajeti ikipungua, huwa wanaanza na vibarua.

PANKI: Ninyi mlisalimikaje?

DAGAA: Tunakaa juu juu, tunakomaa kabla ya mwaka kwisha, tunazaa kwa fujo. Wavuvi wanatufuata na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, sisi tunaendelea na shughuli za familia. Wewe unahitaji miaka kadhaa uwe mzazi wa maana, na nyavu hazina subira hiyo.

PANKI: Kumbe wavuvi ndio walionimaliza.

DAGAA: Walikupunguza. Na ulipopungua tu, miaka ya 1990, baadhi ya furu wakaanza kurudi.

PANKI: Uongo. Wako wapi?

SAUTI KUTOKA TURUBAINI: Nipo hapa, mzee. Nilinaswa pamoja na dagaa.

PANKI: Wewe ni furu? Wa aina gani?

FURU: Wataalamu wenyewe bado wanabishana.

PANKI: Hebu sogea karibu, mwanangu, nikuone vizuri.

DAGAA: Usithubutu. Tumbo hana, ila mdomo bado anao.