Jinsi ya Kuajiriwa Uhadhiri wa Muziki Bila Kugusa Ala

Umesoma muziki hadi shahada ya uzamili, umewavumilia mashangazi wanaouliza kila sikukuu kama hayo nayo ni masomo, na sasa unataka kufundisha chuo kikuu hapa Tanzania. Vyuo vinavyotoa shahada ya muziki nchini si vingi. Kipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kipo Tumaini Makumira kule Usa River, na baada ya hapo hesabu haiendi mbali. Kwa hiyo nafasi ikitangazwa ujue haitarudi upesi. Mwongozo huu utakufikisha mpaka kwenye kiti cha ofisi. Hautakufundisha kupiga chochote, kwa sababu hilo hutaulizwa.

Hatua ya 1: Litafute tangazo

Usitegemee bango lenye picha ya gitaa. Tangazo lako limo ndani ya faili la kurasa nyingi la Sekretarieti ya Ajira, limebanwa kati ya Dereva Daraja la II na Mhadhiri Msaidizi wa ufugaji wa samaki. Litasomeka hivi: Mhadhiri Msaidizi (Muziki), Nafasi 1. Chini yake kuna majukumu: kufundisha, kufanya utafiti, kutoa ushauri wa kitaalamu, na kufanya kazi nyingine zozote utakazopangiwa na mkuu wako wa kazi. Waombaji wengi hukiruka kipengele hicho cha mwisho wakidhani ni cha kujaza ukurasa. Kisome mara mbili. Ndicho kazi yenyewe.

Kisha yanakuja mahitaji: wastani usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili, kwa mizani ya 5. Namba ni zilezile kwa mhandisi, kwa mwanasheria na kwa mpiga zeze. Hapa ndipo utakapolikumbuka lile somo la maendeleo la mwaka wa kwanza, ulilokuwa ukilala nyuma ya ukumbi likifundishwa. Kama ulipata C huko na A katika kupiga ala, wastani ukakomea 3.7, basi ulipiga vizuri na kazi umeikosa. Mwenzako aliyepata B+ katika kila kitu, pamoja na ala, ndiye anayetafutwa.

Hatua ya 2: Shahada iwe na jina lake

Kompyuta inayopokea maombi haijui kwamba uliimba. Inajua jina la shahada. Tangazo likitaka shahada ya Muziki, na cheti chako kikasema Sanaa za Maonyesho, au Elimu na Muziki, au Sanaa Bunifu, jiandae kwa maelezo marefu ambayo hayana pa kuandikwa. Uliyesoma kwa miaka mitatu somo lilelile, kwa mwalimu yuleyule, kwenye chumba kilekile chenye kinanda kilichokufa funguo mbili, utaambiwa huna sifa linganifu.

Waliosoma nje wana raha yao ya pekee. Vyuo vya Uingereza humpa mhitimu wa uzamili daraja la Distinction, Merit au Pass. Norway hutoa herufi kuanzia A hadi F. Hakuna kati ya hao aliyewahi kufikiri kwamba siku moja mtu wa Kigamboni angeulizwa kama hiyo Distinction ni 4.0 au ni 3.9. Peleka cheti chako Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kikatambuliwe, na kipeleke mapema. Ukisubiri tangazo litoke ndipo uanze, tangazo litafungwa ukiwa bado unatafuta nakala ya matokeo kutoka Oslo.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi

Utahitaji cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita, vyeti vya shahada zote mbili na matokeo yake, namba ya NIDA, na maelezo binafsi yanayojitosheleza. Hati ya matokeo badala ya cheti haikubaliki. Umri usizidi miaka 45. Na kama tayari ni mtumishi wa umma, tuseme unafundisha sekondari Njombe, maombi yako yapitie kwa mwajiri wako, na uzingatie Waraka Na. CAC.45/257/01/D/140 wa tarehe 30 Novemba 2010. Ukariri huo waraka. Uimbe kwa solfa ikibidi. Katika safari hii nzima ndio utunzi pekee utakaotakiwa kuujua kwa moyo.

Ili upate picha ya ubora unaotafutwa, hebu tuwapitishe watu wawili kwenye mfumo. Wa kwanza ni Bi Kidude wa Unguja, aliyepewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 kwa mchango wake katika muziki. Tarehe yake ya kuzaliwa haikujulikana, na alipofariki Aprili 2013 watu walikuwa bado wanabishana kama amepita miaka mia au la. Hana cheti cha kuzaliwa, na umri wake kwa makadirio yoyote yale umezidi 45 mara mbili. Mfumo unamkataa ukurasa wa kwanza. Wa pili ni Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akapeleka ala za ilimba na zeze katika majukwaa ya dunia na kurekodi albamu kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Huyu alikuwa na uzoefu wa kufundisha. Tunamwomba apakie cheti cha uzamili chenye wastani wa 4.0. Hakipo. Asante, Mzee Zawose, jaribu tena nafasi zitakapotangazwa.

Tusiwacheke bure wenye mfumo, maana ukali wao una chanzo. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliibua watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Serikali iliyoumwa na nyoka kiasi hicho ina haki ya kushtuka ikiona ung'ongo. Lakini wewe kama mwanamuziki jiulize kimyakimya: katika yote uliyoombwa kuleta, ni kitu gani kisichoweza kughushiwa? Cheti kinaghushiwa. Barua inaghushiwa. Hata mdhamini anaghushiwa. Kupiga zeze kwa dakika tatu mbele ya watu watano wenye masikio hakughushiki, na ndicho kitu pekee ambacho mfumo haukukiomba. Jiulize, kisha unyamaze. Usiliseme kwenye usaili.

Hatua ya 4: Chagua wadhamini watatu

Wadhamini wawe wa kuaminika, wenye simu zinazopatikana. Sheria ya kwanza: usimweke mtu aliyekufundisha muziki kweli. Mjomba aliyekukalisha kibarazani ukiwa na miaka saba na kukushikisha marimba hana barua pepe ya ofisi. Mwalimu wa kwaya ya parokia, aliyekufundisha kusikia sauti nne kwa mpigo mmoja, ataandika barua nzuri sana, lakini itaanza na Tumsifu Yesu Kristo na kumalizika na namba ya M-Pesa.

Weka profesa aliyesimamia tasnifu yako, ingawa anajibu barua kila baada ya muhula. Weka mkuu wa idara uliyopita, ambaye atakuomba kwa upole uandike barua mwenyewe halafu yeye asaini. Andika kwa kiasi. Mwombaji anayejiita gwiji katika barua ya mtu mwingine huwa anasahau na kurudia neno hilohilo kwenye barua yake.

Hatua ya 5: Nenda Dodoma

Jina lako likitoka kwenye orodha ya walioitwa, usipige vigelegele bado. Angalia kama limeandikwa sawasawa na kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, kwa sababu Joseph wa cheti na Yosefu wa NIDA ni watu wawili na wote watarudishwa mlangoni. Kisha panda treni ya SGR uelekee makao makuu ya nchi.

Jionee mwenyewe uzuri wa mpango huu. Unakwenda kusailiwa kwa kazi ya muziki ndani ya Ugogo, nchi ya Zawose, penye wanawake wanaopiga ngoma za muheme zikiwa zimebanwa mapajani, penye uimbaji wa sauti nyingi uliowavuta watafiti kutoka Ulaya kuja kuusikiliza. Utaupita muziki huo wote kwenye bodaboda, uingie ukumbini, uketi kwenye kiti chenye namba, na ujibu kwa maandishi swali la kwanza: Eleza dhana ya utawala bora.

Wapo watakaokuambia uende na ala yako. Usiende nayo. Mlinzi ataipekua, msimamizi atauliza ni kifaa gani hicho, na wewe utaingia kwenye mtihani wa mchujo ukiwa umeshajieleza mara tatu.

Hatua ya 6: Toa muhadhara wa majaribio

Ukipita mchujo utasimama mbele ya jopo. Kwa kawaida litakuwa na mtu mmoja wa fani yako na wengine wa fani zao. Hao wengine ndio wengi, kwa hiyo wafundishe wao.

Kishawishi chako kitakuwa kuchagua mada unayoipenda, kwa mfano muziki wa Wagogo. Ni mada tamu kweli. Mtafiti Gerhard Kubik ameonyesha kwamba skeli yao inatokana na harmoniki za asili, zile sauti ndogo zinazosikika juu ya sauti kuu, hasa ya nne hadi ya tisa. Kwa hiyo baadhi ya sauti zake hazikai sawasawa juu ya funguo za kinanda. Ili uieleze vizuri unahitaji ilimba, uimbe, na jopo litulie lisikilize. Ulichopewa ni projekta na dakika ishirini. Basi utaonyesha slaidi yenye mchoro wa harmoniki, mjumbe wa uhasibu atauliza ina faida gani kwa uchumi wa viwanda, na utajibu kwa kutaja utalii. Jibu la utalii halijawahi kumwangusha mwombaji.

Mwishoni mwenyekiti atatabasamu na kusema, "Haya mwalimu, hebu tuimbie kidogo." Usidanganyike ukadhani hatimaye umepata usaili wa vitendo. Hiyo ni burudani kabla ya chai na haina alama. Imba ubeti mmoja, upokee makofi, ukae.

Hatua ya 7: Ukishaajiriwa

Barua ya ajira ikifika, sherehekea, kisha ukirudie kile kipengele cha kazi nyingine utakazopangiwa. Mhadhiri wa uchumi haitwi kupanga bajeti ya mahafali, wala mhadhiri wa sheria hasimami getini. Wewe utaitwa. Utaunda kwaya ya mahafali kwa wiki mbili kutoka kwa wanafunzi walio kwenye mitihani. Utasimamia Wimbo wa Taifa na ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mgeni rasmi akichelewa kwa saa mbili, utaimbisha mpaka afike. Kipaza sauti kikikoroma, ukumbi mzima utageuka kukutazama wewe, kwa kuwa sauti ni muziki na muziki ni wako. Fundi mitambo halisi atakuwa amekwenda kula.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Hawakusema atunzwe kwa fungu gani la bajeti.

Huku ukiimbisha, kumbuka kupanda cheo. Utatakiwa kupata shahada ya uzamivu, halafu kuchapisha makala katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Ukitunga misa ikaimbwa kutoka Bukoba hadi Songea, hiyo ni sifa yako mbele ya Mungu. Ukiandika makala ya kurasa kumi na nane kuhusu misa iliyotungwa na mwingine, hiyo ni sifa yako mbele ya kamati. Panga muda wako kwa kuzingatia nani anakaa lini.

Hatua ya 8: Usipoajiriwa

Zipo nafasi za mhadhiri wa muda. Unalipwa kwa saa, na saa hizo hulipwa muhula ukiisha, au mwingine ukianza, au mhasibu akirudi likizo. Faida yake ni kwamba utafundisha muziki kwelikweli, maana anayelipwa kwa saa huachiwa vipindi vya vitendo ambavyo waajiriwa wamevikimbia wakaandike makala. Jioni piga kwenye harusi. Huko bwana harusi hajali wastani wako, ila ukikosea wimbo wa kuingilia maharusi utasikia kutoka kwa watu mia tatu kwa pamoja. Hilo ndilo jopo kali kuliko yote nchini, na lina masikio.

Masharti ya jumla

i. Mwombaji awe raia, awe na umri usiozidi miaka 45, na awe ameanza kujifunza muziki mapema kiasi cha kuumudu lakini si mapema kiasi cha kuacha kupata A katika somo la maendeleo.

ii. Waombaji waliojifunza muziki kwa wazazi au babu zao waambatishe vyeti vya wazazi au babu hao.

iii. Nakala za sauti, kanda na video havitapokelewa, kwa kuwa mfumo hauna mahali pa kusikilizia.

iv. Taarifa za kughushi zitachukuliwa hatua za kisheria. Kupiga ala vibaya si kughushi.

v. Ustadi wa kupiga ala si sifa ya lazima, ila mwombaji atakayeajiriwa akiwa nao atakuja na ala yake mwenyewe siku ya mahafali, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya viti kupangwa.