Kipimo cha Makande

Nyumba ya mfano, ile inayojengwa mbele ya mradi ili wanunuzi waipitie kabla hawajatoa pesa, ina kasoro moja ambayo fundi hawezi kuirekebisha: haijawahi kupikiwa makande. Mengine yote yamo. Marumaru zinang'aa, jipsamu imefichwa taa, meza imepangwa sahani sita ambazo hakuna aliyewahi kuzilamba, na katikati limewekwa bakuli la matufaha ya plastiki. Ila kitanda cha chumba masta hakina chandarua, bafuni hakuna ndoo wala kopo, nyuma ya mlango hakuna ufagio, na stoo, kama mchoraji aliikumbuka, haina hata debe la mahindi. Ni makazi ya watu wasiougua malaria, wasiokatikiwa maji, wasiofagia na wasiovuna. Mnunuzi anaizunguka dakika kumi akitembea kwa soksi, maana viatu ameambiwa aviache mlangoni, kisha anatoka akiamini amekagua nyumba, kumbe kilichompendeza ni kwamba ndani hamna mtu. Mimi nadai kwamba nyumba haikaguliwi katika siku yake nyepesi. Ikaguliwe katika siku yake nzito kuliko zote, na kwa Upareni siku hiyo inajulikana: ukoo umekusanyika, sufuria liko motoni tangu alfajiri, na maji yamekatika jana.

Anayepita Mwanga kwa basi la Dar es Salaam kwenda Arusha haoni bango la kampuni likimwalika kutembelea nyumba za mfano. Anaona viwanja vilivyopimwa, misingi iliyoota majani, na matofali yanayomsubiri mwenyewe apate pesa ya kupandisha ukuta. Nyumba za mfano za wilaya hii ziko juu, Usangi na Ugweno, kama zilivyo za Same huko milimani kwao. Wamezijenga wana wa nyumbani wanaofanya kazi Dar es Salaam na miji mingine, na nyingi hukaa zimefungwa mwaka karibu mzima, ndugu mmoja akiachiwa funguo na chumba cha uani. Desemba magari yanapanda mlima, makufuli yanafunguliwa, na ukaguzi unaanza. Hakuna jirani anayesema amekuja kutazama nyumba; adabu hairuhusu. Amekuja kusalimia. Bahati nzuri salamu za Kipare ni ndefu, zinampa mgeni nafasi ya kutosha kuhesabu madirisha, kukisia bei ya mapazia, na mwishowe kuomba aonyeshwe msalani ili ahakikishe kama kile choo cha kukaa kweli kinavuta maji au kimewekwa tu.

Siku ya kwanza nyumba hufaulu. Siku ya pili ukoo unaanza kuingia, na jiko la ndani ndilo linaloaibika mapema. Liko wazi kuelekea sebuleni, lina kaunta ya granaiti na jiko la gesi la plati nne, na sufuria la kupikia watu arobaini likipandishwa hapo linaziziba plati zote nne na bado linaning'inia. Mahindi makavu na maharage havijui habari ya ramani. Vinataka saa zao, na mvuke wake unataka mahali pa kwenda. Unakwenda sebuleni, kwenye sofa. Hapo ndipo shangazi mmoja, ambaye hakuna aliyemwomba ushauri, anapotoka nje, anatazama nyuma ya nyumba, na kuagiza mawe matatu. Jioni jiko limeshahamia uani, na granaiti imebaki kuwekewa mikoba na simu zinazochajiwa. Desemba inayofuata pana banda la bati pale nyuma. Ya tatu, banda lina mlango na kufuli. Kwa hiyo anayetaka kujua nyumba hizi zilipaswa kuchorwaje asipoteze muda mbele kwenye nguzo za baraza. Azunguke nyuma, atazame ukuta uliopakwa masizi. Ramani sahihi iko pale, na imechorwa na watumiaji wenyewe.

Mambo mengine madogo hufuata mkondo huohuo. Seti ya makochi iliyonunuliwa mjini inafika, inakataa kukata kona ya korido, na kuishia barazani chini ya turubai. Dirisha kubwa la aluminiamu, lililobuniwa kuleta upepo Kigamboni, linaleta ukungu wa Usangi hadi ndani ya blanketi. Marumaru zile zinazong'aa zinakutana na udongo mwekundu wa mvua za vuli, na bibi mwenye nyumba, aliyepanda na kushuka miteremko ya Upare tangu utoto bila kuteleza, sasa anavuka sebule ya mwanawe ameshika ukuta.

Udanganyifu huu wa nyumba ya mfano haukuanzia kwetu, na wakubwa wa dunia wamewahi kuuingia kichwa kichwa. Tarehe 24 Julai 1959, katika maonyesho ya Marekani yaliyofanyika bustani ya Sokolniki mjini Moscow, Makamu wa Rais Richard Nixon alimtembeza Nikita Khrushchev kwenye nyumba ya mfano iliyodaiwa kuwa ya Mmarekani wa kawaida. Ilikuwa imepasuliwa katikati ili umati upate njia ya kupita. Wakasimama jikoni, wakabishana mbele ya waandishi wa habari kuhusu mfumo gani wa uchumi unamfaa binadamu. Khrushchev alikejeli kifaa cha kukamulia limau, akauliza kama Wamarekani hawana pia mashine ya kumtilia mtu chakula mdomoni na kukisukuma kishuke. Mataifa mawili yenye mabomu ya nyuklia yalijibizana ndani ya jiko ambalo siku hiyo halikuwa likimlisha mtu, na kati ya mabwana wale wote sioni aliyeuliza swali ambalo mama yeyote wa Kisangara, huku Mwanga, angeanza nalo: sufuria kubwa linaoshewa wapi?

Najua mchoraji ramani ana la kujitetea, na utetezi wake una takwimu. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, limejenga nyumba za gharama nafuu Kibada, Longido, Mvomero na kwingineko, na nje ya Arusha, kule Mateves, likapanga mji mzima wa Safari City. Haliwezi kumjengea kila mteja ukumbi wa mikutano. Vyumba viwili au vitatu vinawatosha watu 4.3, hata yule wa sehemu tatu za kumi akipewa kitanda chake. Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo maana inapotosha. Wastani ni wa usiku mmoja wa Agosti, makarani walipopita. Wastani hauji na watoto wa dada wakati wa Krismasi au Idi. Wastani haupigiwi simu usiku kwamba mzee amefariki na maiti inasafirishwa kutoka Muhimbili kuja kuzikwa nyumbani. Siku hiyo kaya ya watu 4.3 inageuka mia mbili kabla ya adhuhuri, na nyumba inapimwa kwa mambo ambayo hakuna kijitabu cha mauzo kinachoyataja: turubai litasimama wapi, jeneza litapita mlango gani bila kuinamishwa, akina mama watapikia wapi, na choo kimoja kitahimili watu wangapi kabla karo halijaanza kusema.

Na kama kipimo ni unadhifu wa nyumba isiyo na watu, basi mradi wa Dege kule Kigamboni ungechukua kikombe. Ulikusudiwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000, ukasimama mwaka 2016, na hadi unasimama hakuna mpangaji hata mmoja aliyelalamika kuhusu bomba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halifai kujibiwa kwa mzaha peke yake. Moshi wa kuni unaua, na wengi wanaouvuta ni wanawake. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kwa nini basi tutetee mawe matatu na ukuta wenye masizi? Hapana, siyatetei. Ninalotetea ni nafasi. Makande yanaweza kupikwa kwa gesi, kwa umeme, hata kwa jiko la presha ambalo vijana wanalisifia. Yakishalowekwa usiku kucha muda wenyewe unapungua sana. Lakini moto ukibadilika, sufuria halipungui, wala wapishi. Wapishi wa msiba ni kumi na wawili, kila mmoja ana maoni kuhusu chumvi, na kaunta ya granaiti ina nafasi ya wapishi wawili wanaopendana. Serikali yenyewe, ilipozuia kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, ilikiri kwamba kupikia umma ni shughuli ya aina yake. Kwa kigezo hicho kila nyumba ya Kipare ni taasisi mara kadhaa kwa mwaka, na ingestahili jiko la taasisi: la gesi sawa, bomba la moshi sawa, ila nje, pana, na sakafu inayomwagiwa maji.

Wapo pia wanaosema nyumba mpya huwafundisha watu maisha mapya, na kwamba aliyezoea uani atazoea kaunta. Historia inawaunga mkono kidogo. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamikia ulevi wa saruji na bati, akauona kuwa namna ya kupooza kwa akili wakati udongo wa kuchoma matofali upo tele. Milima ya Upare, kama nchi nzima, ilimsikiliza kwa heshima, ikaenda kununua bati. Ilikuwa na sababu: bati halitaki kuezekwa upya kila baada ya misimu michache, na linakinga maji ya mvua. Watu hawa hawaogopi kipya. Wanaogopa kulipia wasichokitumia, na watani wao wanaodai kwamba Mpare atauza ng'ombe agharamie kesi ya kuku hawajaelewa kuwa kesi hiyo haihusu kuku, inahusu hesabu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka Same kupinga kodi ya mbiru, iliyomkadiria kila mtu kwa namna ambayo mlipaji hakuweza kuifuatilia, na hawakulegea hadi serikali ya kikoloni ilipoachana nayo. Wajukuu zao wakiletewa bei ya nyumba yenye asilimia 18 ya VAT, kaunta ya granaiti isiyopikika na ukuta wa mapambo uitwao «wa kipekee», muuzaji asishangae wakivuta viti na kuuliza kila shilingi imekwenda wapi.

Tena kuna maji. Katika nyumba ya mfano bomba hutoa maji daima, kwa sababu tenki limejazwa asubuhi kwa ajili ya wageni. Wazee wa milima hii walianza na dhana ya upande wa pili. Walichimba ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya mfereji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu, na wakati wa kuyazibua tope waliitana msaragambo, kazi ya wote. Mpango mzima ulisimama juu ya imani kwamba maji hayatatosha. Mwanga na Same za tambarare zimekaa miaka mingi zikilitazama bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, huku ndoo zikipangwa foleni. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe ulizinduliwa Machi 2025 tu. Ni habari njema, na bado ningemwuliza mwenye nyumba ya mfano mahali pa simtanki la pili ni wapi, na mfereji wa bati unamwaga kwenye nini. Nyumba inayotegemea bomba moja imejengwa na mtu aliyezaliwa jana.

Kwa hiyo kampuni itakayothubutu kupanga mtaa wa nyumba za mfano pale chini ya mlima, ifanye hivi. Iondoe matufaha ya plastiki. Itundike chandarua, ifunge koki ya mtaani kuanzia Ijumaa, na funguo iwape ukoo mmoja wa Usangi, wazee na watoto pamoja, na gunia la mahindi, maharage, na sufuria lao wenyewe. Shangazi aachwe aongee. Jumatatu muuzaji aje na kalamu, azunguke nyuma kwanza, aandike alichokikuta: mawe yamewekwa wapi, kamba ya nguo imefungwa kwenye nguzo gani, bibi amekataa chumba kipi na kwa nini, kuku wamelala wapi. Hayo ayarudishe kwa mchoraji kabla nyumba ya pili haijachimbiwa msingi. Kisha ndipo mazungumzo ya bei yaanze, na kwa kuwa yatachukua siku nzima, chakula kitakuwepo: makande ya Jumapili huwa matamu zaidi yakipashwa moto.